Mama Majina na kampuni zilizonyamaza

Saa moja na nusu asubuhi, kabla mlinzi hajafungua mlango mkubwa wa ofisi ya Msajili wa Kampuni, mwanamke mmoja amekaa peke yake nyuma ya dirisha la tatu, anasoma majina kwa sauti.

"Upepo Mwanana Usafirishaji," anasema, kisha anatulia kidogo, kama mtu anayeonja uji kuona sukari imekolea. "Ndugu Watatu Vioo na Alumini. Nuru Njema Maabara. Kuku na Wenzake."

Sauti yake inapanda hadi kwenye dari, inazunguka huko juu, inarudi taratibu. Viti vya kusubiria vimepangwa mistari mistari na havina mtu. Mwanga unaingia kupitia vioo vya juu na kujilaza sakafuni, pale ambapo dada wa usafi amekwisha kupitisha dekio na maji hayajakauka. Ukitazama kwa muda mrefu unaona kama ukumbi mzima unaelea.

"Kuku na Wenzake!" dada wa usafi anaangua kicheko, ameegemea mpini wa dekio. "Hao wenzake ni akina nani, mama? Bata?"

"Sijui, mwanangu. Lakini wameomba vizuri, na hakuna mwingine mwenye jina hilo. Waache waishi."

Anabonyeza kitufe. Kampuni moja zaidi imepata jina.

Katika jengo hili, kuanzia mkuu wa ofisi hadi mlinzi wa getini, wote humwita Mama Majina. Kazi yake ni rahisi kueleza. Mtu akitaka kuanzisha kampuni, kitu cha kwanza anachoomba ni jina, na yeye ndiye anayeangalia kama jina hilo linafaa. Lisifanane na la mwingine. Lisiwe tusi. Lisijidai kuwa la serikali. Likishapita ndipo mwombaji anaendelea na mengine: wakurugenzi ni akina nani, hisa ni za nani, ofisi iko wapi, na mwisho anapewa cheti.

"Wapo wanaokuja na vituko," anasema akitabasamu. "Baba mmoja alitaka Benki ya Mayai. Nikamwambia, baba, neno benki lina wenyewe, lazima uwe na leseni ya benki. Akaniuliza, hata kama naweka mayai tu? Nikamwambia hata kama unaweka mayai tu. Tulicheka mpaka foleni nzima ikacheka. Akaondoka na Nyumba ya Mayai, na mpaka leo ipo."

Siku hizi maombi mengi huja kwa kompyuta. Watu hukaa nyumbani, watoto wakishalala, wakaandika ndoto yao kwenye kisanduku kidogo cha kioo na kuituma. Asubuhi anazikuta zote zimejipanga zikimsubiri. Kompyuta ingeweza kumwonyesha yanayofanana, na kweli inamwonyesha, lakini yeye hawezi kuliachia jina bila kulitamka.

"Jina halikai kwenye karatasi," anasema. "Litaitwa na wateja, litaitwa na wanaodai, litaitwa na watoto wa mwenye duka wakitumwa. Basi mimi naliita wa kwanza. Naona ni heshima."

Aliingia hapa akiwa msichana, mpiga chapa. Mshahara wake wa kwanza ulitosha kodi ya chumba na jozi moja ya viatu, na vile viatu alivivaa mpaka soli ikaona barabara. Ameolewa akiwa hapa, amezaa akiwa hapa, amekuwa bibi akiwa hapa. Mwakani anastaafu.

Lakini majina hayaingii tu. Yanatoka pia.

Sheria inataka kila kampuni ilete taarifa yake kila mwaka: bado ipo, inafanya kazi, wakurugenzi wake ni wale wale au wamebadilika. Kampuni ikinyamaza miaka mingi, ofisi inatoa tangazo gazetini kwamba inakusudia kuifuta. Muda ukipita bila mtu kupinga, inafutwa, na jina lake linabaki wazi, mtu yeyote anaweza kulichukua.

Sheria inaishia kwenye tangazo. Mama Majina haishii hapo.

"Nilijiuliza, mtu anayechomelea vyuma kutwa nzima, miwani nyeusi usoni, anasoma saa ngapi ukurasa wa matangazo?" anasema. "Basi nikaanza kupiga simu."

Huwapigia wakati wenzake wamekwenda kula. Anatumia simu ya mezani, ile nzito, na anaongea polepole. Mara nyingine namba ina mwenye mwingine kabisa. Mara nyingine anapokea mtoto na kumwambia baba anaoga. Amewahi kuambiwa mwenyewe alishafariki, akaacha habari za kampuni, akakaa kwenye simu na mjane yule mpaka wenzake wakarudi. Na amewahi kutukanwa.

"Mama mmoja aliniambia, wewe tapeli, umenikosa! Akakata. Nikapiga tena. Akasema, tapeli gani huyu hana haya? Nikamwambia, mwanangu, sitaki hela yako, nataka uniambie kama upo. Akasema kwa sauti ndogo, nipo. Nikafurahi siku nzima."

Hakuna aliyemtuma kufanya hivyo, na hakuna aliyemkataza. Ilikuwa kazi isiyomuumiza mtu, mpaka alipokuja Mama Pasi.

Mama Pasi ni mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye mikono inayonukia sabuni. Alianza kwa kufua kwenye nyua za watu. Baadaye akapanga chumba cha kona, akanunua mashine moja ya kufulia, kisha ya pili, akafunga kamba za kuanikia juu ya paa. Hoteli moja iliyoko mtaa wa pili ikataka kumpa kazi ya kufua mashuka yake yote, ila kwa sharti moja: mfuaji awe kampuni, si mtu binafsi. Wakampa miezi michache ajipange.

Kwa furaha alifanya lile ambalo wengi hufanya. Kabla ya kuomba jina, aliita mchoraji. Ukuta mzima wa duka ukapakwa rangi ya bluu ya mbinguni, yakachorwa mawingu, na katikati yake maandishi makubwa: Mawingu Meupe. Akachapisha na mifuko. Ndipo akaja dirisha la tatu.

"Mama, nimekuja kuchukua jina langu," alisema.

Mama Majina alilitamka, akalipenda papo hapo. Akalitafuta. Lilikuwa na mwenyewe. Kampuni ya Mawingu Meupe ilisajiliwa zamani, na kwa miaka mingi ilikuwa haijaleta taarifa hata moja. Tangazo la kuifuta lilikuwa njiani.

"Una mambo mawili, mwanangu," alimwambia. "Uchague jina lingine leo, au usubiri. Kama hawa hawatajitokeza, jina litakuwa wazi."

"Ukuta wangu umeshapakwa, mama. Nitasubiri."

Akawa anakuja kila wiki. Akifika hakosi la kufanya kwa mikono yake: makaratasi yaliyotawanyika kaunta aliyakunja pembe kwa pembe kama leso za mezani. Siku moja alimwona mlinzi ana mkunjo kwenye kola, akamwambia vua, akaondoka na shati, akalirudisha kesho yake limenyooka kama jani jipya la mgomba. Mlinzi alikaa siku nzima na fulana ndani ya koti lake, na anakiri alikuwa anapita mbele ya vioo kujitazama siku aliyolivaa.

"Nilimzoea," anasema Mama Majina. "Akichelewa nachungulia mlangoni. Nilitaka alipate lile jina kama vile ni binti yangu anaolewa."

Kisha ikafika zamu ya kuipigia simu Mawingu Meupe.

Aliinua mkono wa simu, akaurudisha. Akainua tena, akaurudisha. Ukumbi ulikuwa mtulivu, feni zikizunguka pole pole, watu wawili watatu wamesinzia kwenye viti wakisubiri saa nane.

"Nilisema moyoni, hii moja niiache," anasimulia. "Sheria hainidai. Nisipopiga, hakuna atakayejua. Nikaenda kunywa chai. Chai haikushuka. Nikarudi nikapiga."

Iliita muda mrefu.

"Haloo," ikajibu sauti ya mzee.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, binti yangu."

Mama Majina anacheka akikumbuka. Ni muda mrefu hajaitwa binti na mtu yeyote.

"Naulizia kampuni ya Mawingu Meupe. Bado ipo?"

"Ipo wapi tena, si hii nimeikalia!"

Mzee yule ni fundi magodoro. Hushona magodoro ya pamba kwa mkono katika chumba kimoja chenye mlango mpana, na hapo alipokuwa akijibu simu alikuwa kweli amekaa juu ya moja. Mama Majina alimweleza habari za taarifa za kila mwaka. Mzee alishangaa sana.

"Lakini cheti kipo! Kipo ukutani, ndani ya kioo. Kila asubuhi nakifuta vumbi kabla sijagusa kazi. Binti yangu, mtoto ukishaandikisha amezaliwa, unarudi kila mwaka kuwaambia bado anapumua?"

"Kwa mtoto, hapana. Kwa kampuni, ndiyo, mzee wangu."

"Basi kampuni ni kama mke. Lazima urudi useme ulikuwa wapi."

"Ndiyo hivyo. Na wewe hujarudi siku nyingi."

Kesho yake alikuja, amevaa koti, amebeba cheti chake kwapani na kioo chake na fremu yake, kamba ya kuning'inizia ingali nyuma. Hakuona vizuri maandishi ya fomu. Wakili mmoja aliyekuwa akisubiri kwenye foleni kwa kazi ya mteja wake alisogea akamjazia, mwaka baada ya mwaka, na alipoulizwa malipo alisema yeye mwenyewe analala kwenye godoro la pamba, basi. Faini mzee alikubaliwa alipe kidogo kidogo. Kampuni ikabaki hai.

Ikabaki kumwambia Mama Pasi.

Mama Majina hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Alitoka nyuma ya dirisha, akaketi naye kwenye viti vya kusubiria, bega kwa bega.

"Mwenyewe amejitokeza, mwanangu."

Mama Pasi akauliza, "Amejitokezaje? Amesoma gazeti?"

"Hapana. Nilimpigia simu."

"Wewe?"

"Mimi."

"Kwa nini, mama? Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Lakini lingekuwa lako wewe, na wewe ukawa umenyamaza, ningekupigia vile vile."

Akamweleza pia kwamba njia moja bado ipo: mwenye jina akikubali kwa maandishi, ofisi inaweza kusajili linalofanana nalo, likaongezewa neno la kulitofautisha. Anwani ya kampuni ni ya wazi kwa yeyote anayeuliza. Mama Pasi aliichukua ile karatasi ya anwani, hakuikunja, akaondoka bila kuaga.

Wiki ile hakuonekana. Iliyofuata pia. Hoteli ilikuwa imeshasema haitasubiri zaidi ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

"Nilikuwa nasoma majina asubuhi na siyasikii," anasema Mama Majina. "Mume wangu akaniuliza, mbona chumvi umeweka mara mbili? Nikamwambia kula tu."

Yaliyotokea kwa fundi magodoro anayasimulia Mama Pasi mwenyewe, na akifika katikati hushindwa kujizuia kucheka.

Alikwenda akiwa amejiandaa kwa maneno. Alipanga aanze kwa kuomba, mzee akikataa alie kidogo, machozi yakishindwa agombe. Alimkuta mzee anapiga pamba kwa fimbo ndefu, mlango wote umejaa vumbi jeupe linaloelea juani.

"Kwanza keti," mzee alimwambia. "Mtu haongei na mimi amesimama."

Hapakuwa na kiti. Palikuwa na godoro jipya, limemalizika kushonwa asubuhi ile. Mama Pasi akaketi, akataja jina analolitaka na karatasi ya ridhaa aliyokuja nayo. Mzee akamweleza jina lilikotoka: mkewe, ambaye sasa ni marehemu, aliamka siku moja akasema ameota amelala juu ya mawingu meupe, na yeye akajibu, hiyo ndiyo kazi tunayofanya. Akaendelea kueleza. Alipogeuka, mgeni wake alikuwa amelala fofofo, viatu mguuni.

"Mimi ni mtu wa kuamka alfajiri," anasema Mama Pasi. "Nalala, lakini usingizi wangu ni wa kusikiliza mashine. Siku ile sikusikia kitu."

Mzee hakumwamsha. Aliiweka fimbo chini ili asipige kelele. Alisimama mlangoni, na kila mteja aliyekuja alimwekea kidole mdomoni, wakaongea kwa ishara, bei kwa vidole. Kazi ya siku nzima ililala pamoja na mgeni. Jua lilipokuwa limeshaondoka mlangoni, Mama Pasi akafumbua macho na kukuta amefunikwa shuka.

"Leta hiyo karatasi nitie sahihi," mzee akamwambia. "Nimeona umechoka sana. Mke wangu angesema nikupe."

Kesho yake Mama Pasi alisimama mbele ya dirisha la tatu. Mama Majina alinyoosha mkono kupokea barua ya ridhaa. Haikuwepo.

"Alikataa?"

"Alikubali, mama. Mimi ndiye sikuichukua."

"Wewe mtoto una wazimu? Na hoteli?"

"Nimelala kule, mama. Sijalala hivyo tangu nijifungue kitinda mimba wangu. Lile ni jina la kulala. Kazi yangu mimi ni ya kuamka. Nikaona nimchukulie mzee wa watu jina lake, halafu niliweke juu ya mabeseni?"

Foleni nyuma yake ilikuwa imeanza kusogea sogea. Mwanaume mmoja akasema kwa sauti, "Akina mama, mkimaliza kulala mtuambie." Mlinzi mwenye kola iliyonyooka akamwambia atulie.

"Basi unataka jina gani?" Mama Majina akauliza.

"Jua la Saa Nne."

"Kwa nini saa nne?"

"Mapema zaidi nguo zina umande. Ukichelewa, jua linakula rangi. Mfuaji yeyote anajua, jua la saa nne ndilo la kazi."

Mama Majina akalitamka mara moja, kwa sauti ya chini. Kisha akageukia kompyuta. Duara dogo likazunguka kwenye kioo, likazunguka, na hata yule mwanaume wa foleni akanyoosha shingo. Halikuwepo jingine. Hakuna aliyewahi kuliomba.

Cheti kilitoka Alhamisi. Ijumaa asubuhi gari la hoteli lilishusha mashuka ya kwanza.

Mkuu wa ofisi anasema habari hizo zilimfikia zikiwa zimeshazunguka jengo zima. "Nilimwita nikamwambia, mama, kumbe simu zako ndizo zinazotupandishia bili. Akadhani namgombeza." Tangu mwezi uliopita, kuipigia simu kampuni kabla ya kuifuta ni sehemu ya kazi, kwa kila dirisha, na saa za kazi, si saa za kula.

Ni Jumamosi, na Mama Majina ameshuka kwenye basi katika mtaa asioujua. Mkononi ana mfuko wenye mapazia ya sebuleni. Anatembea akitazama juu, akisoma mabango, na mara mbili anajikwaa.

Anasimama ng'ambo ya barabara mbele ya ukuta wa kona. Mchoraji yuko juu ya ngazi. Mawingu ameshayafunika, yamebaki yanaonekana kwa mbali chini ya rangi mpya ya manjano, kama yanaondoka. Ameshaandika neno la kwanza na la pili. Juu ya paa mashuka yanajaa upepo, yanashuka, yanajaa tena.

"Mama!" Mama Pasi anatoka mbio, mikono ina povu. "Mama, umefuata nini huku? Ingia, ingia. Lete hayo mapazia, leo unafuliwa bure."

"Sifuliwi bure, mimi mtumishi wa umma. Niandike kama mteja mwingine. Na usiniwekee mkunjo."

"Nikuwekee mkunjo, nina ugomvi na wewe?"

"Ulikuwa nao."

Wanacheka wote wawili, na Mama Pasi anampangusia kiti kwa upindo wa kanga yake. Mama Majina haketi kwanza. Anaigusa mashine moja inayotetemeka, anachungulia ndani ya kioo chake cha duara nguo zinavyopinduka, anaangalia kamba, vibanio, pasi iliyosimama kwa kisigino chake. Anakiri kwamba miaka yote aliyofanya kazi hii hajawahi kwenda kuiona hata kampuni moja.

"Nimewapokea wote mlangoni, sijamtembelea hata mmoja," anasema. "Kwangu walikuwa ni sauti tu. Sikujua kampuni ina joto hivi. Sikujua ina harufu."

Kutembelea ndio mpango wake wa kustaafu. Hataki duka, hataki kufuga. Anataka kuvaa viatu vizuri, apande basi, na kuyafuata majina yake moja moja mpaka yalipo, awaone wenyewe, awasalimie, na aondoke. Mumewe amesema atamsindikiza kama kutakuwa na mahali pa kukaa.

Hakusubiri hata kustaafu. Jumamosi ijayo anakwenda kwa fundi saa mmoja, ambaye jina la kampuni yake alilipiga chapa yeye mwenyewe katika wiki zake za mwanzo kazini. Taarifa za fundi huyo hufika kila mwaka, kwa wakati, kwa mwandiko ule ule mdogo, na kwa hiyo hajawahi kupata sababu ya kumpigia.

"Sitampigia na sasa," anasema, akiketi hatimaye kwenye kiti chake, macho yakiwa juu kwenye mashuka. "Nitabisha hodi."